Enough Said: mashtaka ya mke wa zamani na vitunguu vya Albert

Filamu nyingi za mapenzi zinazotufikia huku Kigoma zinahusu watu ambao hawajawahi kuishi na mtu. Wanakutana, wanagombana kwa jambo ambalo mtu mzima angelimaliza kwa simu moja, kisha wanapatana mvua ikinyesha, na filamu inakwisha kabla hawajafika mahali ambapo mmoja wao anagundua kwamba mwenzake hukoroma. Ndiyo maana nimeipenda Enough Said, ambayo inaanzia pale ambapo nyingine hazifiki kamwe: mwanamke aliyeachika na mwanamume aliyeachika, wote wawili wamepita umri wa kudanganyana, kila mmoja ana binti anayejiandaa kuondoka nyumbani kwenda chuo, na kila mmoja anajua kwamba mjini humo humo yuko mtu anayezifahamu kasoro zake zote, kubwa na ndogo, na ambaye akiulizwa hatazificha.

Imeandikwa na kuongozwa na Nicole Holofcener, ilitoka Septemba 2013, na haizidi sana saa moja na nusu. Mwanamke ni Eva, anayechezwa na Julia Louis-Dreyfus. Anaishi Los Angeles na kazi yake ni kukanda watu miili, kazi inayomlazimu kubeba kitanda cha kukunja kutoka nyumba hii hadi ile na kuwasikiliza wateja wanaozungumza bila kituo wakiwa wamelala kifudifudi. Katika tafrija moja anakutana na watu wawili usiku huo huo. Wa kwanza ni Marianne, mshairi mwenye nyumba nzuri na mavazi mazuri, anayechezwa na Catherine Keener, ambaye anakuwa mteja wake na hatimaye rafiki yake. Wa pili ni Albert, mwanamume mnene, mpole, mwenye ndevu, anayefanya kazi ya kuhifadhi vipindi vya zamani vya televisheni, naye anachezwa na James Gandolfini. Marianne ana maneno mengi juu ya mume wake wa zamani, na Albert naye anayo machache juu ya mke wake wa zamani. Msomaji amekwishaelewa. Eva anachukua muda kidogo zaidi kuelewa, na anapoelewa hasemi, bali anaendelea kumkanda yule mwanamke huku akimchimba maneno, kisha jioni anakwenda kukaa na mwanamume aliyesemwa mchana kutwa.

Niseme kwanza habari ya Gandolfini, kwa sababu bila yeye filamu hii ingekuwa nusu. Dunia ilimjua kupitia The Sopranos, tamthilia ya televisheni ambamo alikuwa mkuu wa genge la wahalifu wa New Jersey, mtu ambaye akiingia chumbani watu wote hupunguza sauti. Hapa mwili ule ule mzito umepewa mtu mwenye haya. Albert anajua kwamba ni mnene, anajua kwamba nyumba yake haina mpangilio, na anajua kwamba mwanamke aliyeketi mbele yake huenda anayaona hayo yote na kuyajumlisha; lakini hajifichi wala hajitetei, anacheka, anatania, na macho yake yanauliza kwa adabu kama atapendwa hivyo alivyo. Gandolfini alifariki dunia mjini Roma mwezi Juni 2013, akiwa na umri wa miaka 51, miezi michache kabla ya filamu kuonyeshwa. Sitaki kusema kwamba kifo chake kimeiongezea filamu thamani, maana hilo lingekuwa kumdhulumu mwigizaji. Kazi yake ingesimama hata kama angeishi miaka mingine 30.

Sasa nije kwenye vitunguu. Wamarekani wana kitoweo kinachoitwa guacamole, ambacho ni maparachichi yaliyopondwa na kutiwa vitunguu, ndimu na viungo, nacho huliwa kwa kuchovya vipande vikavu vya mahindi. Albert hapendi vitunguu vilivyomo. Anachovya kwa kuvizungushia pembeni, anatafuta mahali penye parachichi tupu, na mwenyewe humweleza Eva kwamba jambo hilo lilimkera sana mke wake wa zamani. Baadaye Marianne, akiorodhesha makosa ya yule mwanamume aliyemwacha, analitaja jambo hilo hilo: jinsi alivyokuwa akilichokonoa bakuli kukwepa vitunguu. Ni hapo Eva anapogundua anamsikiliza nani. Louis-Dreyfus hapigi ukelele wala hadondoshi chochote; uso wake unakaza kidogo, kisha anaendelea kusikiliza, na mtazamaji anaona kwamba hofu imemwingia pamoja na kitu kingine kinachofanana sana na tamaa. Tamaa ya kujua zaidi. Nani asiyeijua tamaa hiyo? Umekutana na mtu, umeanza kumpenda, na ghafla unapewa nafasi ya kusoma taarifa yote ya miaka aliyoishi na mwingine kabla hujajifunga.

Hapo lazima nicheke kidogo, kwa sababu kinachoiwezesha hadithi hii kule Los Angeles ni bahati nasibu kubwa, kwamba katika jiji la mamilioni ya watu mkandaji amwangukie mke wa zamani wa mwanamume anayemtaka, na watazamaji wa huko wanaombwa waikubali bahati hiyo ili filamu iendelee. Hapa kwetu isingekuwa bahati nasibu hata kidogo. Mtu wa Ujiji akiachana na mkewe, mtalaka wake anahamia Gungu au Katubuka, wanakutana soko la Mwanga kila wiki, watoto wao wanasoma pamoja na watoto wa mume mpya, na mchumba mpya wa huyu bwana ni binamu wa jirani wa yule bibi. Eva asingehitaji kujificha wala kutunza siri. Angepewa taarifa zote kabla ya kumaliza kunywa chai ya kwanza, tena bila kuuliza, na aliyempa angeapa kwamba yeye si mtu wa maneno.

Ninajua ninachosema. Mimi ni mwanamume niliyeachana na mke wangu, tena kwa amani ya kadiri, na sasa niko katika mazungumzo ya posa na bibi mmoja anayefanya biashara ya mawese, ambaye naye ndoa yake ya kwanza ilivunjika. Watu wa umri wetu hawakutani kwa siri ufukweni Kibirizi kama vijana, maana kila boti inayotia nanga ina mtu anayekufahamu; unamtuma mshenga, naye anafika kwa shangazi yake, na shangazi, kama ilivyo haki yake, anaomba muda wa kuulizia. Shangazi huyu hakwenda kwa majirani wala kwa imamu. Alikwenda moja kwa moja kwa mama watoto wangu, wakakaa barazani, akauliza.

Mshenga aliniletea majibu akiwa na uso wa mtu aliyebeba mzigo usiokuwa wake. Kwa yale makubwa nilipewa hati safi: hapigi, halewi, hatoroki nyumbani, ada za shule analipa. Kisha likaja neno lile ambalo kila mtu aliyewahi kuishi na mwenzake hulitarajia, neno "lakini". Lakini akiulizwa jambo asubuhi hujibu adhuhuri. Lakini chai ikiwa haitoi mvuke huirudisha jikoni. Lakini, na hapa mshenga alishusha sauti, akipewa dagaa huwatoa vichwa mezani, kimoja kimoja, akavipanga kwenye ukingo wa sahani mpaka vikazunguka sahani nzima, na mke aliyepika amekaa anatazama. Nililiona jambo hilo kwa macho ya mpishi kwa mara ya kwanza: dagaa wa Kigoma, watu wa Dar es Salaam wanawalilia, wamepikwa kwa mawese na nyanya, na mtu mzima amekaa anavipanga vichwa kama mtu anayehesabu fedha za mnada. Ni kweli tupu. Ninavipanga, na hadi leo ninavipanga.

Kwa hiyo nilipofika kwenye vitunguu vya Albert sikuwa mtazamaji wa kawaida. Jambo ambalo Holofcener ameliona kwa jicho kali ni kwamba ushahidi wa mtalaka huwa wa kweli. Marianne hasemi uongo. Albert hukwepa vitunguu kweli, ni mnene kweli, ni mtu asiye na mpangilio kweli, wala filamu haijaribu kutuonyesha baadaye kwamba mke yule alikuwa na chuki na kwamba mwanamume alisingiziwa, kama ambavyo filamu mbovu ingefanya. Ila ukweli huo umetoka katika ndoa yao, umepikwa na miaka yao, na Eva anapouchukua na kuupeleka mezani kwake mwenyewe unakuwa kitu kingine. Kabla ya kusikia habari za vitunguu alikuwa amekaa na mwanamume anayemchekesha. Baada ya kusikia, amekaa na mwanamume anayechokonoa bakuli, na hawezi tena kuona kingine.

Nimejiuliza kwa nini Marianne ana maneno mengi hivyo, na jibu nililolipata linatokana na sheria, nalo ni langu, si la filamu. Jimbo la California lilikuwa la kwanza Marekani kuruhusu talaka isiyotafuta mkosaji; tangu tarehe 1 Januari 1970 inatosha kueleza kwamba mmetofautiana kiasi cha kutopatanishika, na hakuna anayekutaka uthibitishe kwamba mwenzako alikosa nini. Ni utaratibu wenye huruma, lakini maana yake ni kwamba hakuna mahali rasmi pa kuyamwagia yale yaliyokujaa moyoni. Kwetu ni kinyume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa kwa sababu chache ilizozitaja, shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya mtu kwenda mahakamani kuomba talaka. Huko mnakaa mbele ya wazee, au mbele ya mashekhe kama ndoa ilikuwa ya Kiislamu, na kila mmoja anaambiwa aseme. Watu husema kweli! Husema kuanzia harusi, husema habari za mawifi, husema habari za bakuli lililovunjika mwaka ule wa njaa, na wazee husikiliza kwa subira wakiwa wanajua kwamba sehemu kubwa ya hayo haitaandikwa popote.

Maana yatakayoandikwa ni mengine. Kifungu cha 107 cha sheria hiyo, kinachoieleza mahakama itazame nini ili iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi kisichorekebishika, kinataja uzinzi, ukatili, kutelekeza, kutengana kwa miaka isiyopungua 3, kufungwa kifungo cha maisha au cha miaka isiyopungua 5, ugonjwa wa akili usiotibika, na mengine ya uzito huo. Vitunguu havimo. Vichwa vya dagaa havimo. Na bado mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza lile anajua kwamba ndoa nyingi hufia kwenye vitu ambavyo havimo. Marianne hakupata wazee wa kumsikiliza, na mimi naamini hilo ndilo lililomfanya, miaka baada ya kuachana, awe bado anaendesha kesi ile ile akiwa amelala kifudifudi, na Eva, bila kuapishwa wala kulipwa posho, akawa hakimu wake.

Hapo ndipo pia ninapotofautiana kidogo na filamu. Holofcener anataka tuone kwamba kumuuliza mtalaka ni wizi, kwamba Eva ameiba kitu kisichokuwa chake na anastahili kilichompata. Katika hadithi hii ni sawa, kwa sababu Albert hana kosa lolote la maana. Ni mwanamume aliyechaguliwa na mwandishi awe hana hatia, na kasoro zake zote zimepimwa zisizidi uzito wa kicheko. Lakini wanaume wanaoachwa si wote kina Albert. Shangazi yule aliyekwenda kuulizia habari zangu alianza na swali moja kabla ya mengine yote, akauliza kama nina mkono mwepesi, na alikuwa na haki kamili ya kuuliza, kwa sababu mpwa wake alikwishaolewa mara moja bila mtu kuuliza. Mwanamke wa Los Angeles anaweza kujifariji kwamba atamjua mtu kwa kukaa naye taratibu hotelini, wakila na kucheka. Mwanamke ambaye ndoa ya kwanza ilimwachia kovu ana sababu ya kutuma mtu mapema. Kama filamu ingempa Albert hata kosa moja zito la zamani, kisha ikamwacha Eva aamue, ingekuwa filamu ngumu zaidi, na huenda isingechekesha. Mimi ningeitazama.

Turudi kwenye kinachochekesha na kuuma kwa pamoja. Kuna usiku Eva anamchukua Albert kwenda kula nyumbani kwa rafiki zake, Sarah na Will. Sarah ni mwanasaikolojia na anachezwa na Toni Collette. Eva amekunywa, naye anaanza. Anataja unene wake, anataja guacamole, anasema atamnunulia kitabu cha kuhesabia nguvu za vyakula. Kila neno amelitoa kinywani kwa Marianne, ila yeye analitoa kama utani wake mwenyewe. Rafiki zake wanacheka kwanza, kisha kicheko kinapungua, kisha wanatazama sahani zao. Albert anatabasamu muda mrefu kuliko inavyowezekana. Njiani kurudi, ndani ya gari, anamuuliza kwa nini ameona kama amekaa jioni nzima na mke wake wa zamani.

Niliitazama sehemu hiyo na dada yangu mkubwa, nyumbani kwake, shemeji akiwa amekwishasinzia kitini. Dada hafuati Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nikimtafsiria, nikijitahidi kufanya kama wale watafsiri wa filamu wa vibandani, ingawa wao hufasiri ngumi na risasi na mimi nilikuwa nafasiri chakula cha jioni. Nilipofika kwenye kitabu cha kuhesabia vyakula alininyamazisha kwa mkono. Akasema, "Mwache, mwache kabisa, usinitafsirie tena, huyu mwanamke anamvua mtu nguo mbele ya wageni." Kisha, baada ya kimya kidogo, akaniuliza kama Albert atamjibu. Nikamwambia hajibu. Dada akasema hilo ndilo kosa lake, kwamba angejibu usiku ule ule, mbele ya wale wale, mambo yangekwisha. Sikubaliani naye. Mtu anayejibu mbele ya wageni amekubali kwamba wageni ni baraza.

Baadhi ya watu watamlaumu Eva peke yake na kumwona Marianne kuwa malaika mwenye machungu. Filamu ni ya haki zaidi ya hapo. Inatuonyesha kwamba Marianne, pamoja na uzuri wake wote na nyumba ile iliyopangwa vyema, hana marafiki, na analisema hilo mwenyewe. Kwamba umaridadi uliomvutia Eva ni umaridadi wa mtu aliyewaondoa karibu nae wote waliokuwa na kasoro. Inatuonyesha pia kwamba Eva anaogopa nyumba tupu. Binti yake anaondoka, na yeye ameanza kumkumbatia Chloe, rafiki wa binti huyo, kama mtoto wa akiba, mpaka binti mwenyewe anaumia. Sehemu hiyo wahakiki wengi huipita haraka, nami nadhani ndiyo inayoeleza mengine yote. Mzazi aliyebaki peke yake, ambaye jioni anajikuta anapika kwa kipimo cha watu watatu, huanza kutafuta kwa pupa, na mtu anayetafuta kwa pupa hutaka uhakika kabla ya kila kitu. Nimewaona wazazi pale stesheni ya Kigoma wakimsindikiza mtoto anayekwenda chuo Dodoma au Dar es Salaam. Hulia kwa sababu zaidi ya moja.

Kuna jambo la ufundi ambalo wapenda filamu watalifurahia. Hollywood ya miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa na vichekesho vingi vya talaka, na katika vingi vya hivyo wanandoa walioachana hugombana kwa werevu mkubwa filamu nzima, kisha mwishoni hurudiana wao kwa wao. Ni kama talaka rejea, isipokuwa kwamba eda yake ilijaa mizaha na kofia nzuri. Kanuni za maadili za studio, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, hazikuipa talaka mlango mpana, hivyo kumrudisha mke kwa mume wake ilikuwa njia salama ya kuchekesha. Holofcener hana haja na hilo. Hakuna sekunde moja ambayo unatarajia Albert na Marianne warudiane. Ndoa yao imekwisha kweli, na kilichobaki ni maneno yake, ambayo bado yanatembea mjini yakitafuta pa kuingia.

Siri inafichuka mahali ilipokuwa lazima ifichuke, yaani nyumbani kwa Marianne, siku ambayo Albert anafika na Eva yupo, na mwanamke mzima anajaribu kujificha bustanini. Hapo unacheka kwa sauti, kisha unajuta, kwa sababu Albert hapigi kelele. Anamwambia kwamba amemvunja moyo, na kwamba yeye amezeeka mno kwa mambo ya namna hiyo. Hasemi zaidi. Nimeona wanaume wakichezwa wakilia, wakivunja vyombo, wakiendesha magari kwa hasira. Sijaona wengi wanaoambiwa wakae tu na aibu ya kupendwa kwa masharti ya mtu mwingine.

Mwisho wake ni mdogo na wa kweli. Miezi inapita, Eva anasimamisha gari mbele ya nyumba ya Albert, naye anamwona na kutoka nje, wanakaa barazani. Hakuna mvua, hakuna anayekimbia, hakuna hotuba. Wanaongea kama watu wanaopima kina cha maji kwa mguu mmoja. Wapo wanaolalamika kwamba mwisho huu hauelezi chochote, lakini kwa maoni yangu Holofcener angeongeza hata dakika mbili angeharibu.

Dada yangu ndiye hakuridhika. Kwake haiwezekani mtu aliyekosa kiasi kile aende mwenyewe, mikono mitupu, bila mtu mzima wa kumsemea. Eva alitakiwa amtume yule rafiki yake mwanasaikolojia, na kama si yeye basi mumewe, akaombe radhi kwanza, na Albert apewe muda wa kukataa mara moja kwa ajili ya heshima. Nilipomwambia kwamba Marekani hakuna washenga, alinitazama kwa huruma na kusema hiyo ndiyo sababu wamelazimika kutengeneza filamu nzima kwa jambo la jioni moja. Shemeji akaamka, akauliza kama wameoana. Nikamwambia bado. Akasema tumwamshe wakioana.

Kwa wale walioanza kuniuliza mitaani: posa yangu haijakataliwa. Mwenye biashara ya mawese amemwagiza mshenga aniulize kama vichwa vile vya dagaa huwa navitupa au nampa paka, na shangazi ameomba muda zaidi, kwa sababu sasa anataka kwenda Kasulu kuwauliza ndugu zangu wa upande wa mama.